Sikio, Miguu, Sauti na Barua Moja

Nani aliyewaambia kuwa mimi ni redio? Kila nikikaa chini ninyooshe mgongo, "Bibi, tupe hadithi." Mgongo wenyewe haujanyooka bado. Jana nilitoa ya sungura, mkasema ni ya watoto. Juzi nilitoa ya jini, mkasema mmeshaisikia. Leo Nyamizi, msomi wa nyumba hii, anataka "yenye fumbo, Bibi, ya kutukera." Haya. Nitawapa ya kuwakera, na kesho asije mtu kunilalamikia kwamba amekosa usingizi.

Hii ni ya reli, tena reli ya Amerika, nchi ambayo sijawahi kufika wala sina haja nayo. Mimi darasa la pili ndilo lililonishinda, kwa hiyo msiniulize Amerika iko upande gani. Babu yenu, aliyefanya kazi kwenye genge la reli pale Itigi miaka ishirini na saba, ndiye aliyeileta nyumbani. Aliipata kwa mhubiri mmoja mweusi wa Kimarekani ambaye treni ilimharibikia Itigi, akakaa siku mbili anakula kuku wangu. Kuku wawili. Hadithi hii nimeilipia, kwa hiyo mtakaa mkaisikiliza mpaka mwisho.

Basi, zama za babu zake huyo mhubiri, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kitu chake.

Wa kwanza ni Mzee Zebedayo. Huyu alikuwa na sikio. Najua, Kulwa, hata wewe unayo masikio, tena mawili, na hayajakusaidia kitu. Sikio la Zebedayo lilikuwa jingine. Alikuwa akiinama, analilaza juu ya chuma cha reli, anafumba macho, kisha anakwambia: inakuja, iko umbali huu, ni ya mizigo, imejaa. Au: ni ya abiria, dereva ana haraka. Hakukosea. Alipokuwa mtumwa kijana alipakia kuni kwenye injini, na usiku alilala kando ya reli kwa kuwa hakupewa pengine pa kulala. Mtu akilala na kitu miaka kumi atakijua kinavyopumua.

Wa pili ni Kezia. Huyu alikuwa na miguu. Alipokuwa msichana, bwana aliyemmiliki alimshindanisha na farasi wa jirani, kutoka kisimani mpaka kanisani. Kezia akafika, akageuka, akamtazama farasi anavyokuja. Bwana akashinda dau. Kezia akapewa kikombe cha maziwa, na hata hicho kilikuwa nusu.

Wa tatu ni Obadia. Huyu alikuwa na sauti. Hapa lazima niwaeleze kazi, maana nyinyi mnapanda treni mkidhani reli ilijilaza yenyewe. Pande moja la reli lina uzito wa kumvunja mtu kiuno. Wanalishika watu kumi kwa mitalimbo. Watu kumi wana nguvu, sawa, lakini kila mmoja akivuta kwa wakati wake, chuma hakisogei hata upana wa ukucha. Ndipo anapohitajika mwimbaji. Anatupa mstari, wenzake wanaitikia, na pale pale wanapoitikia ndipo wanapovuta. Chuma kinasogea kama kitanda. Babu yenu alikuwa akisema genge lisilo na mwimbaji ni ng'ombe kumi, kila mmoja kafungwa mti wake. Na mwimbaji kama Obadia, alisema mhubiri, hakupatikana kutoka bahari hii mpaka bahari ile.

Sasa msidhani hawa walikuwa wafanyakazi wenye mshahara. Walikuwa wafungwa.

"Walimuua nani, Bibi?" Hawakumuua mtu, Nyamizi, ungengoja ningekwambia. Utumwa kule ulikuwa umezikwa. Vita vilipiganwa, karatasi ikasomwa, watu wakaimba. Kisha wakubwa wakaona mashamba yamebaki na reli inataka mikono, wakaufukua ule utumwa, wakauvisha koti jipya, wakauita sheria. Mtu mweusi akikutwa amekaa bila barua ya mwajiri, ni mzururaji, afungwe. Na mfungwa haachwi ale bure. Anakodishwa kwa wenye reli, kama mnavyokodisha baiskeli.

Zebedayo alikamatwa amekaa kwenye benchi la stesheni, anasikiliza treni. Miaka minne. Kezia alihama kwa bibi mmoja wa kizungu aliyekuwa akimfulia, akaondoka na beseni lake mwenyewe la kufulia. Yule bibi akasema, "Beseni ni langu." Miaka mitano. Obadia, mwenye duka alimwita "kijana," naye ana ndevu, akajibu, "Kijana yupi?" Maneno mawili, miaka saba.

Wote watatu wakaishia kambi moja, chini ya mnyapara mmoja, mzungu jina lake Krenshao. Na huyu Krenshao naye alikuwa na kitu chake. Alikuwa na saa.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo pana mfupa wa hadithi. Kabla ya reli, kule Amerika kila mji ulikuwa na saa yake. Jua likifika utosini mwenu, basi kwenu ni saa sita, mgonge kengele. Mji wa mashariki yenu wameshakula, mji wa magharibi bado wanasubiri, na hakuna aliyeumia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka. Reli ilipokuja ikavuruga kila kitu. Ikaleta nguo za mjini kwa siku moja, ikaua biashara ya wenye magari ya farasi, ikahamisha watu, ikazaa miji na kuzika mingine. Mwisho ikataka hata saa. Treni haiwezi kufuata jua la kila kijiji. Kwa hiyo wenye reli wakawa na saa yao moja, ya mji mkubwa, inayoletwa kwa simu ya waya kila asubuhi stesheni, na kila mnyapara akaamriwa aende stesheni kwanza, asawazishe saa yake, ndipo aguse reli.

Krenshao hakwenda. Alikuwa mzaliwa wa mji mdogo uitwao Meriveli, na saa yake ya mfukoni, aliyorithi kwa babu yake, aliipanga kwa kengele ya kanisa la Meriveli. Saa ya reli ilikuwa mbele ya ile ya Meriveli kwa dakika ishirini na tano. Karani wa stesheni alimwambia mara ya kwanza, akamwambia mara ya pili.

"Watu wa mjini hawataniambia jua liko wapi," alijibu Krenshao. "Nina macho, ninaliona."

Kiburi cha namna hiyo, wanangu, hakina dawa. Mtu anagombana na dakika.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mahali penyewe ni kona iliyo chini ya mteremko mrefu, na mbele ya kona pana daraja la mbao juu ya korongo. Pande moja la reli, pale pale konani, lilikuwa na ufa. Sheria ya kazi ilikuwa wazi hata kwangu mimi niliyeshindwa na darasa la pili: usiing'oe reli treni ikiwa karibu, na hata ikiwa mbali, mpeleke mtu na bendera nyekundu asimame juu ya mteremko. Krenshao akatoa saa yake. Saa saba na nusu. Treni ya abiria hupita hapo saa nane. "Nusu saa nzima," akasema, "na kazi ni ya robo saa. Ng'oa." Bendera hakumpa mtu. Aliikunja, akaiweka juu ya jiwe, akaikalia kama mto, kwa sababu jiwe lilikuwa la moto.

Reli ikang'olewa. Ile mpya ikawa bado imelala kando, kwenye kokoto.

Saa ya reli, pale Krenshao alipotoa yake, ilisema saa nane kasoro dakika tano.

Zebedayo ndiye aliyekuwa akigawa misumari. Kila alipopata nafasi aliinama na kulaza sikio kwenye chuma, mazoea tu, kama nyinyi mnavyochungulia sufuria. Akalaza. Akainuka upesi kuliko umri wake.

"Bwana Krenshao, inakuja."

"Nini inakuja?"

"Treni. Ya abiria, imejaa. Imeshaanza kuteremka."

Krenshao akatoa saa, akaifungua taratibu ili watu waione. "Hapa ni saa saba na dakika thelathini na mbili. Treni ni saa nane. Sasa tuambie, mzee, nani mwongo? Saa ya babu yangu au sikio lako?"

"Sikio halina babu, bwana. Inakuja."

Krenshao akamchapa kiboko cha uso, hapo hapo alipokaa. Damu ikashuka mpaka kwenye lile sikio. Je, alinyamaza? Hakunyamaza. Akageuka akapaza sauti kwa wenzake, "Inakuja! Dakika nne, na pengine hazifiki!" Kiboko cha pili kikamkuta bado anasema.

Kezia alikuwa amefika na sufuria ya maharage. Yeye ndiye aliyewapikia, kwa hiyo miguu yake haikufungwa minyororo. Lakini mlinzi alikuwa na bunduki, na amri ilikuwa moja: mfungwa akikimbia, piga. Kezia alimtazama Zebedayo, hakumtazama Krenshao hata kidogo. Akaiacha sufuria ianguke. Akamwendea Krenshao, akashika ncha ya bendera iliyochomoza chini ya makalio yake, akaivuta kwa mkupuo mmoja. Mnyapara akapinduka miguu juu, saa mkononi, na yule mwanamke akawa ameshaondoka.

"Piga!" alipiga kelele Krenshao akiwa chali. "Anatoroka! Piga!"

Mlinzi akapiga. Risasi ya kwanza ikachimba kokoto nyuma ya kisigino chake. Ya pili ikatoboa bendera. Ya tatu hakuna aliyejua ilikokwenda, kwa sababu Kezia alikuwa ameshapinda kona. Alipanda mteremko juu ya mataruma, yale magogo yaliyo chini ya reli, miguu mitupu, bendera juu ya kichwa, akaelekea moja kwa moja kwenye ile injini inayoshuka, wala hakuihama reli mpaka alipoona uso wa dereva.

Dereva akafunga mvuke, akapiga filimbi ya hatari. Breki za siku hizo zilikazwa kwa mkono, behewa moja moja, na wanaume waliokimbia juu ya mapaa wakiruka kutoka hili hadi lile. Wakakaza. Magurudumu yakalia kama nguruwe. Lakini mteremko ni mteremko, na treni iliyojaa haisimami kwa kuombwa. Ilipungua mwendo, ikaendelea kuja. Miguu ya Kezia ilikuwa imenunua dakika chache. Kusimamisha haikusimamisha.

Huku chini konani, pengo limekaa wazi. Watu kumi wamesimama na mitalimbo yao, minyororo miguuni, wanasikia filimbi, hawasogei. Mmoja akatema mate.

"Acha ianguke," akasema. "Ya kwao hiyo. Reli tumeilaza wenyewe, tuione na treni inavyolala."

Na wengine wakaitikia kwa koo, hmm, hmm. Msiwalaumu. Mimi siwalaumu. Ningekuwa na pingu miguuni, ningekaa nikatazama, tena ningetafuta kivuli.

Obadia akasema, "Behewa la kwanza nyuma ya injini ni la nani?"

Wakageuka kutazama mteremko.

"Lile linalokula moshi na cheche. Lisilo na mito. Ni la nani?"

Walijua. Watu weusi waliokata tiketi kwa bei ile ile walipakiwa behewa la mbele, nyuma ya injini, ili treni ikigonga kitu waanze wao kugongwa. Matajiri walikaa mwisho kabisa, kwenye mazulia. Treni ikitumbukia korongoni, wa kwanza kufika chini ni shangazi ya mtu.

Obadia hakuwaongezea hotuba. Akashika mtalimbo wake, akaachia sauti.

"Nani kakilaza chuma?"

"Sisi!" Mitalimbo ikaingia chini ya reli.

"Nani anapita juu?"

"Wao!" Reli ikainuka.

"Na mbele kakaa nani?"

"Wetu!" Ikasogea.

"Basi mlete, mlete nani?"

"Wetu!" Ikatua kwenye mataruma kwa kishindo, ikaenda mahali pake kama mlango kwenye fremu. Nyundo zikafuata wimbo, msumari kwa mstari. Injini ikatokeza konani. Misumari sita tu ilikuwa imeingia, na inayotakiwa ni zaidi ya thelathini. Wakaruka pembeni. Treni ikapita juu ya misumari sita kwa mwendo wa bi harusi, reli ikapanda ikashuka kama inapumua, behewa la kwanza likavuka, la pili, la mwisho likavuka. Ikasimama ng'ambo ya daraja.

Krenshao wakati wote huo alikuwa akiitazama saa yake, kama anayesubiri imwombe radhi.

Sasa, kwenye behewa la mwisho, lenye mazulia, alikuwamo mwenye reli mwenyewe. Ndiyo, mwenye reli, aliyewakodi hao wote. Mtu mwembamba, anakohoa kwenye leso ya hariri. Akashuka, akarudi konani kwa miguu, matajiri wenzake nyuma yake, na Krenshao akawa wa kwanza kumpokea, kofia mkononi.

"Tumeiokoa, bwana mkubwa. Nilikuwa hapa hapa."

"Kweli alikuwapo," akasema dereva aliyekuja nyuma na uso mweusi kwa masizi. "Nilimwona amekaa. Lakini niliyemwona na bendera ni mwanamke huyu. Ningekuwa sikumwona, bwana, sasa hivi tungekuwa tunazungumza na malaika."

Kezia alikuwa ameshakamatwa, mlinzi kamshika mkono. Wakaulizana, nani kafanya nini, na yote yakasemwa: sikio, miguu, sauti. Mwenye reli akapiga makofi. Makofi! Akasema hajawahi kuona jambo kama hili, na kwamba yeye si mtu wa kusahau fadhila.

"Mkataba wangu na serikali ya jimbo," akasema, "unaniruhusu barua moja kwa mwaka. Barua ya kumwachia huru mfungwa mmoja. Ya mwaka huu sijaitumia." Akaitoa mfukoni. Ilikuwa imeshaandikwa na kupigwa muhuri, imebaki nafasi ya jina tu.

Dereva akasema, "Wako watatu, bwana."

"Barua ni moja. Mkataba ni mkataba."

Mtu huyo, wanangu, alikuwa amehamisha mto wa maji ili reli yake inyooke. Mto! Lakini mkataba ulimshinda kuuhamisha.

Akatazama saa yake, ambayo nadhani yenyewe ilikuwa sahihi. "Treni imechelewa. Nawapa dakika kumi mpatane ni jina la nani. Msipopatana, naondoka nayo."

Akakunja mikono, akangoja. Matajiri wakajipanga kama kwenye ngoma.

"Na wale kumi walioinua, Bibi?" Umeuliza vema, Kulwa, leo masikio yameamka. Na wale kumi. Mwenye reli hakuwaona. Wewe umewaona, basi umemshinda. Lakini nyamaza, dakika zinakwenda.

Zebedayo ndiye aliyeanza. "Mimi ndiye mwanzo. Bila sikio langu, hakuna aliyejua."

"Ulisikia, ukabaki umesimama pale pale," akasema Kezia. "Kusikia hakuna risasi, mzee. Nitazame kisigino."

"Na wewe nitazame uso. Kimbia basi bila kusikia, dada, tuone ungekimbilia wapi. Ungekuwa unagawa maharage mpaka treni ikukute na mwiko."

"Habari mlileta," akasema Obadia. "Asanteni. Habari haishikilii gurudumu. Mngesikia, mngekimbia, mngepunga bendera, na treni ingeingia korongoni polepole."

"Wewe uliimba!" Kezia akamgeukia. "Mimi natobolewa bendera kichwani, mwenzangu anaimba, halafu tugawane sawa?"

"Niliwaimbia watu kumi waliotaka ianguke. Unajua uzito wa chuma, dada Kezia. Uzito wa mtu asiyetaka huujui."

"Na muda wa kuwaimbia ulikupa nani?"

"Na wewe nani alikuambia ukimbie?"

Wakarudi walikotoka. Hivyo hivyo, mduara. Watu watatu waliokula sufuria moja miaka miwili, waliokuwa wakifungana vidonda, sasa wanaoneshana vidole. Mwenye reli akakohoa kidogo, anatabasamu. Tajiri mmoja akamnong'oneza mwenzake, wakapeana mikono, wameweka dau.

Ndipo yakatoka mengine, yale mtu huyasema akiwa amebanwa.

Zebedayo akasema, "Nimebakiza miaka miwili, na sina miaka miwili. Mnajua wanaokufa hapa wanazikwa wapi. Ndani ya tuta, chini ya mataruma. Sitaki kuisikiliza treni kutoka upande huo."

Kezia akasema, "Nimekimbia mbele ya bunduki. Krenshao ataliandika neno moja, kutoroka, na miaka yangu itaongezwa. Nyinyi mtamaliza vifungo vyenu. Mimi changu kimekuwa kirefu leo, kwa sababu ya leo."

Ikawa zamu ya Obadia. Akainua mguu mmoja, akausogeza mnyororo kwa kidole. Chini yake nyama ilikuwa imegeuka rangi. Harufu ikawafanya matajiri warudi nyuma hatua moja.

"Dakika mbili," akasema mwenye reli.

Behewa la mbele, kule ng'ambo ya daraja, watu weusi walikuwa wameshuka, wamesimama wanatazama. Walijua roho zao zimeokolewa na hao watatu. Hakuna aliyewauliza.

Mwenye reli akafungua wino. Akalaza barua juu ya mgongo wa karani wake, akashika kalamu, ncha ikakaribia karatasi.

Na mimi nawaachia hapo hapo. Hapana, Nyamizi, siendelei. Mhubiri naye aliishia hapo, na kuku wangu walikuwa wameshaliwa, ningemfanya nini. Kalamu nimekuwekea wewe mkononi. Bila sikio, miguu ingelala. Bila miguu, sauti isingepata muda. Bila sauti, sikio na miguu vingekuwa mashahidi wa maiti. Barua ni moja, dakika ni mbili, na ukishindwa kuandika jina hakuna atakayetoka. Haya, msomi. Haya, Kulwa. Na wewe uliyejificha kwenye kanga ukijifanya umelala. Ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, hao wawili waliobaki ungewatazama na macho gani?

Bishaneni. Nawasikia, mmeshaanza, Zebedayo, Kezia, Zebedayo, Obadia. Hivyo ndivyo walivyobishana Itigi usiku kucha, wanaume wazima, mpaka babu yenu akatoka nje kwa hasira. Na katika wote hao, kama nyinyi, hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za Krenshao.

Basi niwaambie bila kuulizwa. Treni ilipokazwa breki kule mteremkoni, kioo kimoja cha behewa la matajiri kilipasuka, na mama mmoja mwenye kofia ya manyoya akalalamika kwamba upepo umemharibia nywele. Mwenye reli akasema jambo hili haliwezi kupita hivi hivi, lazima mtu awajibike. Krenshao akakatwa bei ya kile kioo, dola moja na senti sitini. Akaomba alipe kwa mafungu mawili, kwa kuwa mambo yake hayakuwa mazuri mwezi ule, na akakubaliwa.